Vitabu vya picha vya ngano za Iroquois: uanze na kipi?

Kama unalea watoto Ontario au jimbo la New York, ngano hizi ni za wenyeji wa hapo hapo unapoishi: Mohawk, Oneida, Onondaga, Cayuga, Seneca na Tuscarora, mataifa sita ya shirikisho la Haudenosaunee, ndio hao wanaoitwa pia Iroquois. Kabla ya kutoa hela, mimi huangalia kwanza nani anasimulia.

Nafasi ya kwanza naipa Hiawatha and the Peacemaker (2015) cha Robbie Robertson, yule mwanamuziki wa bendi ya roki The Band. Mama yake alitoka Six Nations, eneo la mataifa haya huko Ontario, na hadithi hii aliisikia huko huko akiwa mtoto. Hiawatha ameuliwa familia, anawaka kisasi. Anatokea Mpatanishi ndani ya mtumbwi wa jiwe jeupe, na wawili hao wanapita taifa kwa taifa wakiomba vita vikome. Michoro ya David Shannon imejaa ukurasa, rangi nzito, na Tadodaho, chifu mkatili mwenye nyoka kichwani, anatisha kweli. Mtoto wa miaka mitatu mwache kwanza. Huyu wa saba na kuendelea atakifaidi. Kilitoka na CD ya wimbo, kwa hiyo ukipata cha mtumba muulize muuzaji kama bado imo.

Cha pili ni Rabbit's Snow Dance (2012) cha James na Joseph Bruchac. Hao hujitambulisha kama Waabenaki, majirani tu wa Haudenosaunee, ndiyo maana nimekishusha. Ila kwa kusomewa kwa sauti hakina mpinzani. Sungura anapiga ngoma katikati ya kiangazi akiita theluji, "Azikanapo!", na watoto wataitikia bila kuombwa. Usimtegemee awe mjanja kama Sungura wetu: huyu hana subira, na mkia wake mrefu unamponyoka.

Kwa wadogo kabisa chukua Giving Thanks (1995) cha Jake Swamp, chifu wa Mohawk. Kisa hakuna, ni shukrani kwa ardhi, maji, mimea, wanyama, jua na nyota, sentensi fupi fupi, na mwishoni kuna maneno yenyewe kwa Kimohawk. Ni salamu ya asubuhi, lakini hata wakati wa kulala inafaa.

Skywoman (1998) cha Joanne Shenandoah na Douglas George nimekiweka mwisho kwa sababu moja tu: maandishi ni mengi. Mnunulie anayejisomea mwenyewe.

Cha kukwepa ni Hiawatha yeyote aliyeandikwa kwa beti za Longfellow, mshairi wa Marekani. Shairi lile la 1855 lilichukua jina la Hiawatha na kulibandika kwenye ngano za Waojibwe, ambao ni watu wengine kabisa. Pekua na picha pia. Haudenosaunee walijenga nyumba ndefu za magome ya miti, kwa hiyo ukikuta kijiji chao kimechorwa mahema ya ngozi, rudisha kitabu rafuni.