Radio ya dola 14 ya soko ya Kadutu yenye SW: nimeitumia miezi minne

Hii radio nilinunua dola 14 ku soko ya Kadutu, hapa Bukavu, Congo. Papa mwenye kuuza alianzia 20, tukavutana weee mpaka mvua ikatusukuma wote chini ya bashi yake, njo akaniachia. Ni ile nyeusi ya Kichina wengi mnaionaka, ukubwa wa tofali nusu, iko na tochi, kasola kadogo juu, fasi ya flash na ya kadi, na ile njo ilinifanya nitoe pesa: iko na FM, AM na SW (shortwave, mawimbi mafupi yenye kuleta radio za inchi za mbali). Ku karto waliandika bendi 12, ukihesabu ku kioo chenyewe ziko 9. Muuzaji akuhesabie mbele yako.

Kwa nini mtu wa leo mwenye simu anatafuta SW? Nilikuwa mtoto wa shule 2009, kwetu RFI, radio ya Ufaransa, ilikuwa ku FM na papa alikuwa anaamkaka nayo kila asubuhi, chai haijachemka yeye tayari anasikiliza. Siku moja akawasha, shhhhh. Akapigapiga radio, akageuza antene, akaita jirani amuulize kama yake inashika. Hapana. Serikali ilikuwa imekata, ilianza na huku kwetu na Bunia, kisha mwezi wa saba ikakata nchi yote, na RFI ilirudi tu mwezi wa kumi 2010. Papa akaingia chumbani akatoa radio yake ya zamani yenye mfuko wa ngozi, akafunga waya ku antene, akaupitisha dirishani mpaka ku kamba ya nguo, akaanza kuzungusha kifungo polepole, pumzi ameishika, sisi watoto tumenyamaza. Sauti ikatoka. Ilikuwa inaenda inarudi kama mawimbi ya ziwa lakini ilikuwa RFI ile ile. Antene ya Bukavu waliweza kuizima, ile ya Ufaransa hawakuwa na mkono wa kuifikia.

FM inaishi kwa karatasi. Ukitaka kufungua radio hapa kwetu lisansi inatoka kwa ministère ya mawasiliano, frekansi inatoka kwa watu wa telecom, na kuko CSAC, baraza la kuangalia media, mwenye kuangalia unasema nini, kila mlango na pesa yake, na karatasi moja ikikosekana wanaweza kukufunga siku yoyote bila kusema sababu ya kweli. Mwezi wa kumi na mbili 2012 CSAC ilikata Radio Okapi, ile ya UN, pale Kinshasa siku chache, sababu walisema ni cahier des charges (karatasi ya masharti), lakini kila mtu alijua Okapi ilikuwa imetoka kupitisha waasi wa M23 hewani. Januari 2016 Lubumbashi walifunga vituo vya Nyota na Mapendo, vyote viwili vya mwanasiasa Katumbi, wakati ule alikuwa ametoka upande wa Kabila, rais wa wakati ule, na walikuja na maneno ya kodi. Sasa ona 2025: mwezi wa sita CSAC ile ile ikakataza media siku 90 kuongelea Kabila, mwenye si rais tena, na chama chake PPRD. Siko mtu wa Katumbi wala wa Kabila. Ninachoona ni kwamba mkono unabadilika lakini kifungo cha kuzimia ni kile kile, na constitution ya 2006, article 212, inasema CSAC iko pale kulinda uhuru wa press. Kulinda.

Na msidhani ni Kinshasa tu. Radio Maendeleo yetu, watu wa hapa Bukavu waliianzisha 1993, waasi wa RCD walipokuwa wanatawala huku waliifunga 1999. Tangu mwezi wa pili 2025 M23 iko hapa mjini, na mwenye kusoma ataelewa kwa nini hapo siandiki mingi.

Ndugu yangu aliniambia nimepoteza dola 14, intaneti inatosha. Nilimkumbusha tarehe 31/12/2018, nyuma ya uchaguzi, intaneti ilikatwa nchi yote karibu wiki tatu, SMS nayo, na RFI ku FM walikata tena. Yeye mwenyewe wakati ule alikuwa anakuja kwetu kila jioni kuulizia papa habari gani.

Haya turudi kwa radio. FM iko muzuri, nasema ukweli. Bukavu iko na milima na Rwanda iko pale ng'ambo ya Ruzizi, vituo vya Kamembe vinaingia mu nyumba bila kuuliza ruhusa, radio mbaya inavichanganya na vyetu mpaka unasikia habari mbili kwa mara moja. Hii inavitenganisha. Okapi safi, Maendeleo safi, sauti nzito hata ukiiweka chini, mama anaisikia toka jikoni.

SW njo iko na kazi. Ndani ya nyumba, chini ya mabati, usitegemee kitu, toka inje ao fanya kama papa, waya wa mita tano ao sita, ncha moja ku antene na nyingine juu ya mti. Asubuhi mapema mbele ya jua kuwaka nashika RFI, usiku BBC ya Kiingereza inaingia vizuri. Kifungo cha kutafutia ni kilegevu sana, unakisukuma kidogo kama unywele na kituo kimeenda, unarudi unakipita tena. Nilikata kipande cha kiberiti nikakisokomeza pembeni ya kile kifungo na sasa kinakaa. Namba za ku kioo ni za uongo, kituo chenye kinaandikwa fasi moja unakikuta vidole viwili mbele.

Batri ilinisikitisha. Muuzaji alisema masaa nane, mwezi wa kwanza nilipata sita, sasa ni mbili na nusu. Kasola kenyewe kanawasha tochi tu, radio hakaiwezi. Nilirudi kwake, akasema nilichaji vibaya, hakubadilisha. Lakini nyuma kuko fasi ya batri tatu kubwa za kawaida, na kwa mji wenye umeme unapotea siku mbili njo itakuokoa. Bila ile fasi ya batri usiinunue.

Kitu kingine cha kujua, SW nayo iko na wenyewe. Wazee wengi hapa walikuwa wanasikilizaka Sauti ya Amerika, na mwezi wa tatu 2025 Trump akatia sahihi, kesho yake tu ikanyamaza. Serikali yao walioichagua wenyewe. Kwa hiyo sikwambii SW itatupatia demokrasia. RFI haitaniambia kwa nini maji hayafiki Panzi ao nani amekula pesa ya barabara ya Bagira, ile inatakiwa mwandishi wa hapa, mwenye anaongea Kiswahili chetu, ku FM, na asiogope kurudi kwake usiku. Serge Maheshe wa Okapi aliuawa hapa Bukavu tarehe 13/6/2007, Didace Namujimbo tarehe 21/11/2008, redaksiyo moja, mji mmoja, miezi kumi na saba kati yao. Kila nikishika Okapi ku hii radio nawakumbuka.

Naipatia tatu na nusu juu ya tano. Ingekuwa na batri ya kweli ningeipatia nne na nusu. Ukienda kununua, enda saa kumi na moja za jioni, SW inaanza kufunguka, beba waya wako, na mwambie akuwekee batri mpya wewe ukiwa unaona.

Nimenunua ya pili wiki iliyopita, ya shangazi yangu kule Walungu. Namba za kioo hazimsaidii, macho yamechoka, kwa hiyo nilikaa nayo inje asubuhi nikapaka rangi nyekundu ya kucha pale RFI inashikia na ya kijani pale Okapi iko.