Midoli ya utotoni imerudi madukani: upi uanze nao, upi uachane nao

Kuna watu wazima kabisa, wana watoto na marejesho ya benki, saa hizi wanaagiza mdoli wa He-Man, yule shujaa wa katuni mwenye upanga. Tena siyo He-Man wa mtumba wa mwaka 1982, ni marudio, yaani mdoli mpya uliotengenezwa ufanane na ule wa zamani, sura ileile, rangi zilezile, hadi kadi ya nyuma imechorwa kizamani. Kama na wewe umeanza kuwashwawashwa soma kwanza hapa, maana vitu ni vingi, majina yanafanana na bei zinapishana vibaya mno.

Mimi napanga kwa kigezo kimoja tu, ukitoka kwenye boksi unachezeka? Wengi wetu huku hawa jamaa tuliwaona kwenye kanda za video, mdoli wenyewe alikuwa nao mtoto mwenye mjomba Ulaya au Uarabuni, akikuachia uushike dakika mbili unashukuru. Sasa leo hela unayo, umenunua, halafu unauacha ndani ya plastiki eti thamani itapanda? Thubutu. Haya ni marudio, kampuni ikiona yanauzika inatoa mengine, fungua ucheze.

Na kwa nini usichukue orijino moja kwa moja? Bei kwanza, halafu hata kama hela siyo tatizo plastiki nayo inazeeka. He-Man wa zamani miguu imeshikwa na mpira kwa ndani, mpira ukichoka miguu inaning'inia. Transformers za zamani, zile roboti zinazogeuka magari, zenye plastiki ya dhahabu ndo balaa, ile plastiki inakuwa kavu na kukatika yenyewe, unageuza mkono taratibu tu unabaki nao kiganjani. Hapo umelipa hela ya pikipiki kuukuu.

Namba moja: Masters of the Universe Origins (Mattel)

Hizi ndizo za He-Man na wenzake, hapa sina mjadala. Zilianza kuonekana 2019, zikaingia madukani kwa wingi 2020, na urefu wameuacha uleule wa zamani, kama sentimita 14, kwa hiyo ukimsimamisha karibu na orijino wanalingana. Kilichobadilika ni viungo. Yule wa zamani alikuwa na kichwa, mabega, miguu na kile kiuno cha springi, unamzungusha ukimwachia anarusha ngumi, basi, magoti yenyewe yamejikunja hivyohivyo tangu kiwandani. Wa Origins anakunja kiwiko, anakunja goti, anapiga magoti, anashika upanga kama mtu anayejua kazi yake. Springi hawakuirudisha na hiyo kwa kweli inauma kidogo, ila wametoa fidia: mwili unachomoka vipande vipande, kichwa, mikono, kiuno mpaka buti, unachukua kifua cha Skeletor, adui wa He-Man, unakipa kichwa cha mtu mwingine kabisa unapata adui ambaye Mattel hawajawahi kumfikiria. Ukikaa na mtoto wa miaka saba hapo jioni yote imeisha.

Zilipoanza bei ilikuwa kama dola 15 Marekani. Anza na He-Man na Skeletor, hao wametoka mara nyingi kwa hiyo usikubali mtu akupige bei ya kitu adimu. Na angalia jina kwenye kadi vizuri, kuna Masterverse pia ya Mattel haohao, ni wakubwa zaidi, kama sentimita 18, umbo lingine kabisa, wazuri ila siyo ule mdoli unaoutafuta.

Namba mbili: Turtles wa Playmates

Hawa ni wale kasa wapiganaji wa kwenye katuni, na faida yao ni kwamba anayerudia ndiye aliyetengeneza mwaka 1988, Playmates wenyewe, kwa hiyo Leonardo ni yuleyule mwenye meno nje na tumbo gumu. Bei zao za kawaida haziumizi na ndiyo midoli ambayo ikianguka kwenye sakafu ya saruji unaokota mnaendelea. Viungo vichache, usitegemee pozi za ajabu. Kitu cha kuangalia ni silaha, zinakuja zimeshikana kwenye fremu ya plastiki ya kahawia kama zamani, usizinyonge kwa vidole, kata na kinachokata kucha karibu kabisa na silaha yenyewe, la sivyo zile sai za Raphael, vile visu vya ncha tatu, zinabaki na vijinundu. Wale wa kampuni ya NECA ni kitu kingine, wanaiga katuni, ni wa kabatini na bei yao ni ya kabatini.

Namba tatu: Transformers

Wangekuwa namba moja kama siyo bei. Optimus Prime wa 1984, yule roboti anayegeuka lori, chanzo chake ni Japani, kampuni ya Takara walikuwa naye kwenye Diaclone, midoli yao ya roboti, kabla Hasbro wa Marekani hawajampa jina la Kimarekani, na huyu wa zamani Japani anaitwa Convoy. Marudio yako ya aina mbili na watu wanazichanganya sana. Aina ya kwanza ni mdoli uleule wa 1984, unageuka kutoka lori kuwa roboti kama zamani, mikono inapanda na kushuka na ni kama imeishia hapo, ngumi ni vipande vya kuchomeka ambavyo vitapotea nakuambia, weka kwenye kikopo siku hiyohiyo. Tena siyo yote yanafanana na ya zamani kwa asilimia mia, toleo la Marekani la 2002 lilikatwa yale mabomba ya moshi yakawa mafupi kwa ajili ya usalama wa watoto, watu wamelalamika hadi leo.

Aina ya pili ni Missing Link ya Takara Tomy, ilianza 2024 na Convoy, kwa macho ni yule wa 1984 kabisa ila ndani wamempa viungo, anakunja magoti, anakunja viwiko, halafu anarudi kuwa lori vilevile. Hicho ndicho kitu nilichokuwa nakitaka siku zote. Lakini ni ghali, unatoka Japani, na boksi lina trela ndani kwa hiyo mawakala wengine wanakutoza kwa ukubwa wa boksi siyo kwa kilo, uliza hilo kabla hujalipa. Ukifika VAT nayo inakusubiri, 18% Tanzania, 16% Kenya, na ushuru juu.

Stika mara nyingi unabandika mwenyewe, tumia kibano, mikono mikavu.

Namba nne: Star Wars Retro Collection (Hasbro)

Hawa ni marudio ya midoli ya filamu za Star Wars iliyotengenezwa zamani na kampuni ya Kenner, wadogo wa kama sentimita 9 na nusu, viungo vitano tu. Ilipoanza 2019 walikuwa kama dola 10 na usafiri wake ni rahisi, watano wanaingia kwenye bahasha ya nguo. Nimewaweka chini kwa sababu ukishamwinua mkono Darth Vader umemaliza. Halafu kadi zile za mwanzo walizichapa zionekane zimechakaa, mikunjo ya bandia, sijui nani aliomba.

Mieleka nayo ipo, WWE Retro ya Mattel tangu 2017, inaiga ile midoli mifupi minene ya Hasbro ya mwanzoni mwa 90. Siyo marudio halisi maana wamemweka hadi John Cena ambaye enzi zile hakuwepo, ila Undertaker yule, mh, chukua.

Sasa feki. Transformers ndo zinaongoza, zinachapwa tena na viwanda visivyo na leseni, boksi linafanana kabisa. Usiangalie mwaka uliochongwa mguuni peke yake, marudio halali nayo yanaweza kubaki na mwaka wa zamani na feki inanakili kila kitu. Omba picha ya nembo za kampuni kwenye boksi na picha ya viungo kwa karibu, muuzaji akileta picha za mtandaoni tu achana naye. Ogopa pia anayeuza marudio kama orijino, mdoli wa miaka 40 mweupe pee usio na mkwaruzo, mkazie macho.

Ukipokea mdoli upanga umepinda au mguu umeegemea upande, usiulazimishe. Chovya kwenye maji ya moto ulainike, unyooshe, halafu maji ya baridi. Na ukikaa Dar au Mombasa usiuweke dirishani wala usiufungie kwenye boksi bila hewa, plastiki laini inatoa mafuta inakuwa inanata.

Megatron wa 1984, adui wa Optimus Prime, sijampanga popote, yule anageuka kuwa bastola ya Walther P38 na anafanana nayo kweli, Marekani yenyewe sheria za bastola za kuchezea zinamsumbua. Kama ni lazima uwe naye, tafuta toleo linalogeuka kifaru cha vita, maana hiyo bastola ikionekana kwenye mashine ya mizigo uwanja wa ndege wa kujieleza ni wewe.