Wembe wa kukunja wa Solingen, miezi 5 nikijinyoa nao hapa Jinja

Haya jamani, karibuni tena. Leo mezani hakuna simu wala spika, leo ni hiki hapa, ngoja nisogeze kamera kidogo... mmeona? Wembe wa kukunja. Ule wa vinyozi wa zamani, unafunguliwa tu na mteja aliyekuwa anapiga domo ananyamaza.

Mi nimekulia bareki, baba alikuwa polisi, na kila Jumapili asubuhi alikuwa anachukua wembe wa kawaida wa dukani anauvunja nusu, anaushika kwa vidole viwili hivi bila mpini, kioo amekiegemeza dirishani, sabuni ile ya mche ya kufulia, na anamaliza uso mzima bila hata tone la damu. Mi kazi yangu kumshikia kikombe cha maji. Kwa hiyo nimekua najua kabisa kwamba huu ni ufundi wa mkono mwepesi, mtu unazaliwa nao au huna. Sasa baada ya miezi 5 nawaambia sio hivyo, ni makali kwanza, mkono unafuata, na hili ntalirudia mpaka mnichoke.

Kilichonileta huku ni shingo. Angalieni hapa chini ya taya, haya madoa meusi madogo ni makovu ya vipele. Miaka mingi nilitumia zile mashine za nyembe tatu nne zimepangana, na nywele zetu hizi za kujisokota hazipatani nazo, kwa sababu wembe wa mbele unauvuta unywele juu, wa nyuma yake unaukata, alafu unywele unarudi chini ya ngozi na ncha yake kali, ukianza kuota unajikunja unaingia kwenye nyama badala ya kutoka nje. Ndo kipele hicho. Wembe mmoja unaopita mara moja unauacha unywele usawa wa ngozi, basi. Siwaambii ni dawa, mwenye vipele vyenye usaha aende kwanza kwa daktari, lakini shingo yangu mnaiona wenyewe.

Wembe wa kwanza niliununua kwenye duka moja la mtandaoni, shilingi elfu 35 za Uganda, mpini umenakshiwa dhahabu, unang'aa kama kijiko cha harusi. Ulifika butu. Nikajinyoa nao hivyo hivyo maana sikujua wembe mkali unatakiwa kuwaje, ukawa unavuta, nikawa nakandamiza, na ukikandamiza wembe wa wazi ngozi inavimba mbele ya makali kama tuta na wembe unaingia kwenye lile tuta. Nilijikata hapa kwenye pembe ya kidevu, bado alama ipo. Nikajilaumu mkono wiki nzima, kumbe chuma chenyewe kilikuwa laini, nilikinoa mara tatu na hakikushika makali. Ule ni wembe wa kupamba kabati, na imejaa huko nje, kwa hiyo mkiona bei ya chai muwe macho.

Sasa huu. Huu ni wa zamani, nimeupata mtumba kwa laki moja na themanini, mpya za namna hii zinapita laki tano kabla hata hujalipia usafiri. Someni hapa kwenye shingo ya chuma... imeandikwa Solingen. Huo ni mji wa Ujerumani, kazi yao visu na nyembe miaka mamia, na jina lao lina sheria inayolilinda tangu 1938, ya sasa hivi ni ya 1994, huwezi kuliandika kwenye kisu ambacho hakikutengenezwa kule. Waigaji bado wapo, kwa hiyo jina peke yake lisiwatoshe, angalieni na umbo. Huu upana wake ni 5/8 ya inchi, kama milimita 16, na kwa anayeanza huo ndo upana mzuri, mwembamba zaidi unakuwa na wasiwasi mkononi na mpana zaidi unakuzibia, huoni unaponyoa. Alafu tazama ubapa wake, umechimbwa huku na huku, karibu na makali chuma ni chembamba mpaka nikikigusa na ukucha taratibu kinalia. Sikia... tiii. Huo mlio ntaurudia baadaye.

Ngozi ya kunolea sikuagiza nje. Nilimpelekea fundi viatu hapa mjini, nikamwambia nataka mkanda wa ngozi ya ng'ombe, upana vidole vinne, laini upande mmoja, usio na mshono, akanifanyia kwa elfu 25 na umekaa vizuri sana. Kabla ya kila kunyoa napitisha mara 30, mgongo wa wembe ndo unatangulia, makali yanafuata nyuma, mwisho wa mkanda nageuza juu ya mgongo... hivi... sio juu ya makali. Mkigeuzia makali mnaukata mkanda, na wangu hapa juu una mkato, uoneni, ni wa wiki ya kwanza. Na mkanda uvutwe uwe umenyooka, ukilegea unayaviringisha makali. Kinachofanyika ni kwamba ukinyoa makali yanapinda kidogo sana, jicho haliwezi kuona, mkanda unayanyoosha tu. Hauchongi chuma. Kuchonga ni kazi ya jiwe, jiwe la namba 1000 kama makali yamekufa kabisa, alafu 4000, 8000, wenye uwezo wanafika 12000, namba ikipanda jiwe ni laini zaidi, na wembe unalazwa bapa mgongo na makali yote yameligusa jiwe, mgongo ndo unakupimia pembe. Huu wa Solingen nimeugusisha jiwe mara moja tu kwa miezi 5. Na tafadhali sana msimpelekee yule mnoa visu wa baiskeli, ni mtu wa kazi yake na panga langu namnolea kwake, lakini lile gurudumu litakula chuma hiki kwa dakika moja na hakirudi tena.

Haya tunyoe. Uso nimeshauosha kwa maji ya moto, kitambaa nimeweka dakika 3, ndevu zikinywa maji zinalainika. Povu hili nalipiga kwa brashi mpaka linasimama, likiwa na mapovu makubwa kama ya kufulia ongeza sabuni, likivuta kama unga ongeza maji matone mawili. Vidole vitatu hapa kwenye shingo ya wembe, kidole kidogo kinakaa kwenye mkia, mpini umeinuka juu. Pembe sasa, lazeni wembe bapa shavuni alafu inueni mgongo mpaka hapo katikati pangepita migongo miwili kama huu. Ukilala zaidi unavuta, ukisimama unakata.

Nikianza hapa chini ya nywele za sikio, naivuta ngozi juu kidogo kwa mkono wa pili, na wembe unashuka tu... sikia... krrrr. Huo ndo mlio. Makali yakiwa sawa ndevu zinalia hivyo kama mtu anapasua karatasi kavu mbali, mkono haufanyi nguvu yoyote, uzito wa wembe wenyewe unatosha. Siku mlio ukipotea na ukaanza kusikia ngozi inavutwa, simama hapo hapo, rudi kwenye mkanda, usijaribu kushinda kwa mkono. Nilichoshindwa kuelewa kwa baba ni hiki, wembe wake ulikuwa mpya kila mara, siri yote ilikuwa pale kwenye kukunja na kuvunja.

Kitu kimoja cha hatari kweli, wembe uende mbele tu kwa makali yake, usiuteleze pembeni hata unywele mmoja, ukiuteleza pembeni umegeuka kisu cha nyama. Na simu ikiita iacheni iite.

Wiki mbili za kwanza nilinyoa mashavu tu, sehemu zilizobaki nikamalizia na mashine. Kidevu wiki ya 3. Shingo mwezi mzima sikuigusa, na kwenye shingo kila mtu nywele zake zina njia zake, zangu upande wa kushoto zinalala kuelekea koromeo, wa kulia zinashuka, nilizijua kwa kuacha ndevu siku 2 na kupapasa. Mnyoe kufuata zinapolala, msipande kinyume hata kama hapakuwa laini kama kioo. Na ngozi muivute kiasi cha kuilaza tu, mkiivuta sana mnarudi kule kule kwa nywele kuzama.

Nikimaliza maji baridi, kipande cha shabu kile cha sokoni kama kuna mchubuko, alafu moo yao kidogo kwenye shingo, yaani mafuta ya shea, haya nayanunua kwa mama mmoja wa Lira hapa soko kuu, kwa ngozi iliyotoka kunyolewa sijaona kinachoyafikia.

Mabaya yake? Muda, dakika 25 mi bado, kwa hiyo najinyoa nao Jumatano na Jumapili tu. Na kutu, ziwa liko hapa, hewa ina maji, chuma hiki si kile kisichoshika kutu, niliuacha bafuni usiku mmoja na asubuhi kulikuwa na nukta tatu za rangi ya chai karibu na makali. Sasa naupangusa, naupepea, tone la mafuta ya cherehani, unalala chumbani.

Wengine mnaniuliza kama mnaweza kumpelekea kinyozi wa saluni awanyoe nao. Wako huu ni wako, usinyoe mtu mwingine, hata ndugu yako. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kukaa hai nje ya mwili siku 7 au zaidi, na huku Uganda, kaskazini na eneo la West Nile, watu wetu wanaijua hiyo homa vizuri. Saluni mwombeni kinyozi atumie ile aina ya kukunja ya kuwekea nusu ya wembe wa dukani, auvunje mbele ya macho yenu, akimaliza autupe. Ile hata wewe unayeanza unaweza kujifunzia, mpini wake elfu 15 tu, hakuna mkanda hakuna jiwe, ila ni nyepesi na haina huruma, makosa madogo inayaandika usoni.

Kwa mwenye subira na vipele mi nasema nunua, mtumba wa Solingen uliokwisha nolewa, na pesa ya mkanda iwe tayari siku hiyo hiyo. Mwenye haraka ya asubuhi achukue ile ya nusu wembe. Naufunga sasa, hivi, kidole mbali na mwanya, naurudisha juu kabisa ya kabati maana wa kwangu ana miaka 4 na kiti ameshajua kukisukuma. Wiki ijayo nalileta jiwe hapa mezani, tunoe pamoja ule wa mpini wa dhahabu, tuone kama unakufa kweli au mi ndo niliukosea.