Python: isdigit() au kujaribu float()?

Katika lugha ya programu ya Python, data ikisomwa kutoka faili la CSV (jedwali la maandishi) au fomu, kwa kawaida kila kitu huja kama maandishi, hata umri na bei. Kabla ya kujumlisha, lazima ujue kipi kinageuka namba.

Wengi hukimbilia isdigit(), ukaguzi wa maandishi uliomo ndani ya Python. Ni fupi, na jibu lake ni True au False tu. Ila haiulizi kama thamani nzima ni namba. Inakagua kama kila herufi ni tarakimu. Ndiyo maana "45" inapita, lakini "-5" na "3.14" zinakataliwa kwa sababu ya alama ya kutoa na nukta. Kituko zaidi: "²" inapita, halafu ukiipeleka kwa int(), inayogeuza maandishi kuwa namba kamili, unapata ValueError, yaani kosa la thamani isiyogeuzika.

Njia ya pili ni kuita float(), inayogeuza maandishi kuwa namba ya desimali, ndani ya try (sehemu ya kujaribu kitu kinachoweza kuleta kosa) na kudaka ValueError. Hapo ukaguzi na ugeuzaji ni kitendo kimoja. Hasi, desimali, "1e5" (yaani 100000), hata " 12 " yenye nafasi pembeni, zote zinakubalika. "1,000" inagoma kwa sababu ya mkato. Ubaya wake ni ukarimu uliopitiliza: "nan" (si namba) na "inf" (isiyo na kikomo) nazo zinapita, na nan moja tu ikiingia kwenye hesabu, jumla yote inageuka nan. Kwa hiyo pitisha matokeo kwenye math.isfinite(), inayojibu False kwa nan na inf. Na None (alama ya Python ya kutokuwepo thamani) huleta TypeError, kosa la aina ya data, idake pia.

Mimi huchukua float() karibu kila mara. isdigit() naiachia vitu kama PIN, ambavyo sifuri ya mwanzo haitakiwi kupotea; hivyo vikaguliwe, kisha vibaki maandishi.