Sindano ya kupunguza uzito, na yule dada aliyeniambia uchovu ni akili tu

Nianze na yule dada, maana bado ananikera. Unaingia kliniki ya watu, unawalipa kila mwezi pesa za kununua lori zima la mchanga, unamwambia mtu aliyevaa koti jeupe kwamba huwezi kupanda ngazi bila kushika ukuta, naye anakujibu macho yakiwa kwenye simu: "Mama, si ni wewe ulitaka kupungua? Uchovu ni akili tu. Mazoezi unafanya?"

Mazoezi! Nina duka la vifaa vya ujenzi upande wa Kondele, hapa Kisumu. Kutwa nzima niko kwa miguu, nabeba ndoo za rangi, napima misumari, nagombana na mafundi wanaotaka mkopo juu ya mkopo. Nilitamani kumwambia aje akae na mimi siku moja tu, Jumamosi, siku ya kupakia saruji.

Sindano yenyewe ni semaglutide, ile ya mara moja kwa wiki ambayo mtaani kila mtu anaiita Ozempic hata kama boksi lina jina lingine. Sitajaza ukurasa na vipimo, hayo mtayapata popote. Njaa ilikata, hilo sikatai. Mimi niliyekuwa naagiza samaki mzima pale Dunga na ugali wa watu wawili, nikawa nasukuma sahani baada ya matonge mawili. Sketi zikaanza kuzunguka kiunoni. Kwa hilo peke yake ningetoa nyota zote na nisingeandika chochote hapa.

Lakini uchovu jamani. Si ule wa jioni ambao ukioga na kulala unaisha. Huu ulinishika asubuhi kabla sijafungua kufuli la duka. Siku moja fundi akaja kutaka kilo mbili za misumari ya inchi nne. Namimina kwenye mizani, mshale unapanda, mara nauona mshale umekuwa miwili. Nikashika kaunta, misumari ikamwagika chini yote, kijana wangu wa duka akaja mbio. Nilikalishwa juu ya mifuko ya saruji, jasho baridi linanitoka, na huko nje jua la saa saba linachoma mabati. Yule fundi, Mungu ambariki, aliokota misumari yake mmoja mmoja, akaipima mwenyewe, akaacha pesa kwenye kaunta akaenda zake.

Ndipo nikaenda kliniki. Mlangoni soja aliniangalia mara moja tu, akanyanyuka akanipa kiti chake, akaniletea maji. Ndani nikamkuta yule dada, wanamwita mshauri wa lishe, anampanga mteja ukutani ampige picha. Ukuta mzima umejaa picha za "kabla" na "baada". Nikangoja wamalize kupiga picha. Nikaeleza shida yangu, akanijibu hayo niliyoyaandika hapo juu, akaongeza kwamba hakuna mteja mwingine amewahi kulalamika. Halafu akanipa njia mbili, na hapa ndipo mori uliponipanda: niongezewe dozi ili "mwili uzoee haraka", au nilipie dripu ya vitamini, maelfu ya shilingi, nikae kwenye kile kiti chao cha ngozi nirudishiwe nguvu. Hajanipima presha. Hajaniuliza nakula nini, nakunywa maji kiasi gani, nameza dawa gani nyingine. Na mimi dawa za presha nazimeza miaka nenda miaka rudi, na moja kati yake ni ile ya kukojoza.

Eti hakuna mwingine amelalamika! Nilifika nyumbani nikakunjua ile karatasi iliyo ndani ya boksi, ile yenye herufi za sisimizi. Uchovu umo, umeandikwa wazi. Mdogo wangu ni muuguzi huko Kakamega. Akaniambia kwa simu kwamba kwenye majaribio ya dozi kubwa ya semaglutide, miligramu 2.4, watu kama 11 kwa kila 100 walisema wanachoka, ilhali waliodungwa sindano isiyo na dawa ni 5 kwa kila 100. Sasa hao wote ni akili tu?

Yeye ndiye aliyenisukuma niende hospitali ya serikali. Nilipanga foleni, ndiyo, na benchi lilikuwa gumu, lakini kijana niliyemkuta ndani alifanya kitu ambacho hakigharimu hata shilingi. Alinilaza kitandani akanipima presha. Akaniambia nisimame, tukangoja kidogo, akapima tena. Namba ya juu ilitoka 116 ikaja 90. Akaiangalia mashine, akaniangalia mimi. "Mama, umekauka hivi, nani anakufuatilia?" Nilinyamaza, kwa sababu jibu lilikuwa hakuna mtu.

Akanieleza polepole. Hii dawa hukawiza chakula tumboni na kuuambia ubongo umeshiba. Ukila kidogo, hata yale maji yaliyomo ndani ya chakula unayakosa, na ukiharisha au kutapika ndiyo kabisa. Kisha dawa ya kukojoza inakamua kilichobaki. Na uzito ukishuka, presha nayo hushuka, kwa hiyo dozi iliyokutosha ukiwa mzito huenda sasa imezidi. Akaisimamisha ile ya kukojoza na kunipa tarehe ya kurudi kupimwa. Tafadhali, msijiachishe dawa zenu za presha kwa sababu mama wa Kondele ameandika. Nendeni mpimwe mmesimama na mmelala. Kama una kisukari na unadunga insulini au unameza vidonge vya glibenclamide halafu unatetemeka na kutoka jasho, pima sukari papo hapo, inaweza kuwa imeshuka.

Nikamuuliza kuhusu dripu. Akacheka. Akasema wanaomeza metformin, dawa ya kisukari, kwa miaka mingi vitamini B12 yao inaweza kushuka kweli, na hapo vitamini ina maana, lakini mtu hupimwa damu kwanza. Mimi sinywi metformin. Akapima damu yangu, figo na tezi ya shingoni, yote sawa.

Sasa nakula kwa saa, siyo kwa njaa, kwa sababu njaa haiji. Simu ikilia nakula nitake nisitake. Asubuhi uji wa wimbi wenye maziwa na yai. Mchana omena, na omena ndizo zinaanza kuingia mdomoni, ugali baadaye kama nafasi imebaki, maana ukitanguliza ugali tumbo linajaa na misuli inabaki bila kitu, na misuli ikiisha ndiyo nguvu imeisha. Chupa ya maji iko kando ya mizani, napiga mafunda madogo madogo. Sindano nimeihamisha Jumamosi jioni (ruhusa ipo, mradi zipite siku zilizoandikwa kwenye karatasi ya boksi lako tangu uliyodunga mwisho) ili siku mbaya iangukie Jumapili nikiwa nimekaa. Na dozi sijapanda. Kumbe si lazima mtu akimbizwe kwenda juu kama mwili umekataa, hilo nalo kule kliniki hakuna aliyelitaja.

Nguvu zimerudi. Si zote. Kuna Jumatatu bado nahisi miguu ya mtu mwingine, na hapo najiuliza kama sketi mpya zina thamani hiyo. Nikiwa nimetulia naipa dawa nyota nne. Nikikumbuka ule mshale naipa tatu. Kliniki nilitaka kuipa sifuri, lakini soja alinipa kiti, kwa hivyo moja, na ni yake.

Na sijasema kuhusu usafirishaji. Walikuwa wananitumia dawa kwa boda, ndani ya bahasha ya kaki, bila barafu, mchana wa Kisumu. Kitu kinachotakiwa kukaa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8, kabla hujaanza kukitumia! Nikiuliza naambiwa, "Imefika salama, si ndiyo?"

Juzi wamenitumia ujumbe: mteja wetu mpendwa, dozi yako inakaribia kuisha, lete rafiki mpate punguzo la dripu. Sikujibu. Siku hizi nanunua kwenye duka la dawa mjini, kwa karatasi ya daktari. Mara ya kwanza yule mfamasia alifungua friji akanionyesha kipimajoto kabla sijauliza. Bei yake iko juu kuliko ya kliniki. Nalipa.