Nilipima oili chafu kabla ya kushusha injini ya Fuso

Wenye Fuso za kokoto hii yenu. Gari yangu inapiga ruti ya Lugoba na Dar, ikaanza kula oili, fundi akasema, bosi, ringi za pistoni zimeisha, tushushe injini. Kabla sijatoa hela jamaa mmoja wa magreda akaniambia kapime oili maabara kwanza, nikacheka, oili si unachungulia kwenye stiki tu, ikiwa nyeusi unamwaga?

Nikaenda. Wanakupa kachupa kasafi na masharti yake, injini iwe imetoka kuzunguka, oili ya moto, unavuta kwa kipampu kupitia tundu la stiki. Ukikinga wakati wa kumwaga basi ile ya kwanza iache ipite, ina uchafu uliotuama chini kwenye sampo, lile bakuli la oili. Fundi wangu alishakata chupa ya maji ya kunywa anataka kukingia, nikamwambia we acha bwana.

Majibu ni karatasi ya namba, kila madini yako mangapi kwenye sehemu milioni. Chuma 96, hiyo inatoka zaidi kwenye silinda na krenki. Risasi na shaba ziko chini, beringi zimesalimika. Sodiamu, ambayo huwa inatoka kwenye kulanti ya rejeta, hamna kitu so kulanti haiingii. Ila silikoni 38! Wakaniuliza injini imefunguliwa karibuni, maana ile silikoni ya kubandikia gasketi nayo inapandisha namba, nikasema hapana, wakasema basi hilo ni vumbi. Tukafuata njia ya hewa, mpira unaotoka eakilina, yaani chujio la hewa, umechanika kwa chini pale klipu inapobana, kidole kinapita. Yani miezi yote injini inavuta unga wa kokoto, unasaga silinda kama msasa.

Nikabadili mpira, eakilina na oili, baada ya kilomita 5,000 nikapima tena, silikoni 9, chuma 31. Oili bado inakula kidogo, ringi zilishaumia sijidanganyi, ila injini haijashushwa.

Sasa walichoniudhi, waliahidi siku 3 zikawa 9 na gari imepaki, simu hawapokei, na karatasi yote Kiingereza mpaka dada wa maabara aliponionea huruma akanieleza. Na mjue mashine inasoma chembe ndogo sana tu, vipande vikubwa haivioni, kwa hiyo filta ya zamani bado tuliipasua tukaangalia.

Nyota 4. Chupa ya tatu iko kwenye dashibodi, inasubiri kilomita zitimie.