Kabla hujanunua chensoo, uliza oili inapita wapi

Bapa la chensoo yangu, ule ulimi wa chuma ambao cheni inauzunguka, liligeuka bluu siku ya pili. Bluu ya chuma kilichoungua, kama ile inayobaki pembeni mwa geti fundi akimaliza kuchomelea. Tulikuwa shambani, Mufindi, tunapunguza mipaini. Kijana aliyeshika mashine akaizima akaniambia, "Mama, hii kitu inanuka." Nikamjibu ni utomvu wa paini, endelea. Miti mitatu mbele cheni ikagoma kuzunguka. Nikaigusa kujua ina nini, na ngozi ya ncha ya kidole ikabaki pale.

Mashine ilikuwa na siku nne tangu itoke Kariakoo. Niliinunua laki tatu na sabini, ya rangi ya machungwa, stika ubavuni imeandikwa 58cc, yaani ukubwa wa injini. Nikaipakia kwenye buti la basi mpaka Mafinga nikijiona mjanja, maana jirani yangu alikuwa ametoa zaidi ya milioni mbili kwa ya kwake.

Fundi wangu akafungua kifuniko cha klachi, akachokonoa, akanitolea kidude cha plastiki kisichozidi ukubwa wa kifungo cha koti. Meno yake yote yalikuwa yamelika, laini kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Hiyo ndiyo gia inayozungusha pampu ya oili ya cheni. Tangi la oili lenyewe lilikuwa limejaa pomoni. Siku nzima cheni ilikuwa inakimbia kavu, na mimi nalaumu utomvu.

Kwa hiyo mtu akiniuliza anunue chensoo gani, sianzi na cc. Najua wengi mnataka cc, uzito, na inakula petroli kiasi gani. Hayo yote yameandikwa kwenye boksi, na baadhi ya yaliyoandikwa kwenye boksi ni uongo mtupu. Mimi naanza na oili ya cheni, na mara nyingi naishia hapohapo.

Msumeno wa mnyororo una matangi mawili. Moja la petroli iliyochanganywa na oili ya 2T, ambayo hulainisha injini. La pili ni la oili ya cheni peke yake. Ukikanyaga gesi yote, cheni inazunguka bapa kwa kasi inayopita mita 20 kwa sekunde, chuma juu ya chuma, na kinachozitenganisha ni utando mwembamba tu wa oili. Oili hiyo inavutwa na pampu ndogo iliyojificha nyuma ya klachi, inapita kwenye tundu dogo ubavuni mwa bapa, inaingia kwenye mfereji, na cheni inaibeba mpaka ncha. Shida ni kwamba injini haijui habari hizo. Pampu ikifa, injini itaendelea kunguruma vizuri kabisa. Hakuna taa itakayowaka wala king'ora kitakacholia. Utajua bapa likishaungua, na hapo umeshapoteza bapa, cheni na jino la klachi linalovuta cheni.

Watengenezaji makini hupima matangi hayo ili petroli iishe kabla ya oili. Ukijaza yote mawili, petroli ikaisha, fungua la oili uchungulie. Linatakiwa liwe limebaki na kidogo. Likiwa bado limejaa, simamisha kazi.

Dukani kuna kipimo kingine, nacho kinahitaji kipande cha boksi tu. Washa mashine, elekeza ncha ya bapa kwenye boksi, iache hewani kama sentimita 20 bila kugusa, kanyaga gesi. Ndani ya nusu dakika unatakiwa uone mstari wa vitone vya oili umejichora. Boksi likibaki safi, rudisha mashine kwenye rafu na hela yako mfukoni.

Halafu muulize muuzaji: hii gia ya pampu inauzwa peke yake? Usimuulize kama ni ya plastiki au ya chuma. Hata Stihl MS 250, mashine ninayoiheshimu, gia yake ya oili ni ya plastiki. Dhambi haiko kwenye plastiki. Ile ya Stihl ikilika unataja namba ya modeli na unauziwa gia, unabadilisha, unarudi shambani. Ya kwangu niliambiwa ninunue pampu nzima. Nikanunua. Haikuingia. Nikaambiwa hizi mashine zinafanana kwa sura, ndani kila kiwanda kina yake. Wiki mbili nzima kijana mmoja alikuwa anakata na mwenzake anatembea pembeni na chupa ya maji ya Kilimanjaro yenye tundu kwenye kizibo, anadondoshea cheni oili. Nililipa vibarua wawili kwa kazi ya mmoja.

Sasa mpangilio wangu. Nakiri mapema kwamba mimi ni mtu wa Stihl na sitajifanya vingine.

Namba moja ni Stihl MS 382, au kaka yake MS 381 ukiipata nzima. Injini ni ya cc 72.2, kilowati 3.9, inaangusha mlingoti (mkaratusi) mnene na bado ina pumzi ya kupasua mbao porini pale ambapo dingdong, ile mashine ya kupasulia mbao, haifiki. Lakini kilichonifunga kwake ni skrubu moja ndogo chini ya tumbo la mashine. Hiyo inaongeza au kupunguza oili. Unakata matawi membamba kwa bapa fupi, unapunguza. Unafunga bapa refu upasue gogo kwa urefu, unafungulia mpaka mwisho, kwa sababu kupasua ndiko kunakoua bapa. Cheni inabaki ndani ya mti muda mrefu na ncha iko mbali na pampu. Mwenye mashine isiyo na skrubu hiyo hana la kufanya. Asubuhi za Juni na Julai huku kwetu oili inaganda kama uji uliolala, hapo pia skrubu inasaidia. Kampuni yenyewe ni ya Wajerumani, imekuwepo tangu 1926, na pale Mafinga fundi wangu ana spea zake kwenye ndoo ya rangi ya lita 20. Ndoo hiyo ndiyo dhamana ninayoiamini.

Namba mbili ni Husqvarna 372 XP. Wasweden hawa walianza na silaha mwaka 1689, chensoo wakaja kuzianza 1959, na mashine yao hii ya cc 70.7 ni kali. Wapo wanaoapa kwamba ni kali kuliko Stihl, nami siwezi kubishana nao kwa muda mrefu. Pampu yake ya oili nayo inarekebishika, na inafanya kazi pale tu cheni inapozunguka, kwa hiyo mashine ikinguruma pole haimwagi oili ardhini. Kilichoishusha kwangu ni kitu cha kijinga: unene wa cheni. Bapa za Husqvarna za daraja hili kwa kawaida zinatumia cheni ya milimita 1.5, Stihl 1.6. Shamba letu lilijaa cheni za 1.6. Ya 1.6 haiingii kwenye mfereji wa 1.5, na ya 1.5 kwenye mfereji wa 1.6 inayumba na kukata kwa upinde. Tofauti ni sehemu moja ya kumi ya milimita, na vijana hawaioni kwa macho. Ukianza na Husqvarna, baki na Husqvarna. Usichanganye boma.

Namba tatu, Stihl MS 250, cc 45.4. Hii ni ya mwenye ekari chache, anayekata kuni, miti ya uzio na ule mparachichi uliozeeka. Haina skrubu ya oili, kiwango kimepangwa kiwandani, kwa hiyo usiifunge bapa refu kwa tamaa. Kuna fundi mmoja aliiwekea la inchi 25 ili apasue mbao. Aliharibu mashine nzuri.

Namba nne, MS 180, cc 31.8, ya kupogolea tu. Nyepesi, hata mimi naishika. Mtu akikuambia utaangushia milingoti kwa hii, huyo anataka kukuuzia nyingine baada ya mwezi.

Za betri sitazisemea. Shambani kwangu umeme wa kuchaji haupo.

Na zile za laki tatu? Nunua ukijua umenunua miezi mitatu. Kama una miti kumi ya kuangusha na fundi aliye tayari kuhangaika, sawa. Lakini nunua mbili zinazofanana, kutoka duka moja, siku moja, ili moja iwe spea ya nyingine. Sitanii.

Kuhusu Stihl feki, ambazo nazo zimejaa: angalia namba ya mashine. Ya kweli ina tarakimu 9 zilizogongwa kwenye mwili wenyewe wa mashine, siyo stika inayobanduka kwa ukucha. Cheni nayo, angalia meno ya kukatia, jina la kampuni limegongwa pale, na kwenye kila kiungo cha ndani kuna tarakimu ya unene: 6 ni milimita 1.6, 3 ni 1.3. Cheni isiyo na maandishi yoyote ni cheni isiyo na baba.

Sasa niwaseme wauzaji, maana hii imenikaa rohoni.

Nilipotaka kujaribu ile mashine ya machungwa, yule kijana wa dukani aliniambia, "Mama, hapa hatuwashi. Ukiwasha umenunua." Nikamwuliza, mdogo wangu, hivi simu huwa hamziwashi? Akacheka. Akasema mashine ikishatiwa petroli mteja mwingine ataikataa, ataona ni mtumba. Kwa hiyo mimi ndiye nibebe hasara ili mteja asiyekuwepo asinune. Nikashindwa kumjibu kwa sababu basi langu lilikuwa la saa kumi na mbili asubuhi, na yeye alijua. Watu wa mikoani tunanunua na tiketi mkononi, na bei ya haraka hiyo iko ndani ya risiti, ukipewa risiti.

Tena mashine inayowashwa Dar, usawa wa bahari, ikipanda huku juu inabadilika tabia. Hewa ni nyembamba, petroli inazidi, inatoa moshi na kukohoa. Kabureta inataka kurekebishwa upya. Hakuna muuzaji hata mmoja aliyewahi kuniuliza, "Unaipeleka wapi?"

Halafu kuna hii biashara ya oili chafu. Unaomba oili ya cheni, unapewa chupa ya soda yenye kitu cheusi kilichomwagwa kutoka kwenye gari la mtu. Wanasema cheni haijali. Pampu inajali. Oili iliyotoka kwenye injini imebeba vumbi la chuma, na vumbi hilo ndilo linalosaga ile gia na kuziba lile tundu la bapa. Unaokoa elfu tano unaua pampu. Kama huna oili ya cheni, afadhali oili mpya ya kawaida ya gari. Wapo wanaotia mafuta ya alizeti. Kwa siku moja yanafanya kazi, na shamba zima linanukia kama kuna anayekaanga maandazi, lakini ukiiacha mashine wiki tatu stoo yanakuwa gundi. Nimeona cheni iliyogandishwa na alizeti mpaka ikachemshwa.

Kila unapopiga tupa cheni, toa bapa, pitisha waya mwembamba kwenye lile tundu na kwenye mfereji mzima, kisha uligeuze juu chini ili lilike pande zote sawasawa. Utomvu wa paini ukichanganyika na unga wa mbao unatengeneza kitu kama simenti. Dakika tano. Vijana wangu hawapendi kufanya hivyo, nami siwalipi mpaka nione tundu.

Niliporudi Dar mwezi uliofuata kununua MS 382 nilikwenda na kipande cha boksi kwenye mkoba, nimekikunja mara nne. Duka la kwanza walikataa kuwasha. La pili walikataa. La tatu mzee mmoja akaniangalia, akaliangalia boksi, akamwambia kijana wake alete petroli. Mstari wa oili ulijichora ndani ya sekunde chache. Boksi hilo ninalo mpaka leo.

Ile ya machungwa iko kwa fundi. Anataka kuinunua kwa ajili ya kabureta na kamba ya kuwashia. Nimemwambia elfu sitini, yeye anasema thelathini na tano, na juzi akaongeza kwamba atanisafishia bapa la Stihl bure. Bado tunavutana.